Mafao ya Mkata Karatasi

"Jina lako halimo, mama."

Karani wa dirisha namba nne aliyasema hayo huku akitazama kompyuta yake, kama mtu anayesoma habari za mvua. Fundi, jina alilopewa mtaani kwa ushonaji wake, aliinama akalisogelea tundu la kioo ili asikie vizuri. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi la Mfuko wa Wastaafu, bahasha mapajani. Ndani mlikuwa na kitambulisho, cheti cha ndoa na cheti cha kifo, na nakala tatu za kila kimoja, zote zimegongwa mhuri. Hakuna karatasi aliyoambiwa ailete ambayo hakuileta.

"Hebu tazama tena," alisema. "Mimi ni mkewe. Cheti cha ndoa hicho hapo mbele yako."

"Nimekiona. Mke ni mke, sikatai. Lakini mfuko haumlipi mke kwa sababu ni mke. Unamlipa mnufaika, yule ambaye mwanachama mwenyewe alimwandika kwenye fomu. Marehemu aliandika mtu mmoja tu. Asilimia mia."

"Nani?"

"Hiyo ni siri ya mwanachama."

"Mwanachama nimemzika mimi. Siri anamfichia nani?"

Kwenye benchi nyuma yake mtu akacheka, mwingine akakohoa. Karani akashusha sauti. "Mama yake mzazi."

Macho ya Fundi yalitua kwenye ukosi wa shati la karani, ulioshonwa ovyo, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka. Miaka ya kushona sare za shule ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akikuaibisha mbele za watu, tafuta kosa kwenye mshono wake, utapata pumzi. Akapata pumzi.

"Na mjane, sheria inampa nini?"

"Siku tisini za kuweka pingamizi, kuanzia tarehe ya kifo. Zimebaki thelathini na tatu." Karani akamrudishia bahasha kupitia chini ya kioo. "Anayefuata!"

Mumewe alikuwa mkata karatasi katika kiwanda cha uchapaji. Miaka ishirini na minne alisimama mbele ya mashine yenye kisu kirefu kama mlango, akikata madaftari na kalenda za watu wengine, na vidole vyote kumi alirudi navyo nyumbani kila jioni. Kilichomwangusha ni moyo, siku ya Jumanne, bado miezi kumi na mmoja astaafu. Mipango ya mafao yale walikuwa wameipanga pamoja kitandani na mezani: ada ya binti yao katika chuo cha uuguzi, bati jipya, cherehani ya pili. Ilikuwa "mafao yetu" kila siku. Na kumbe kwenye karatasi hakukuwa na "yetu".

Kutoka pale Fundi hakwenda nyumbani. Alipiga moyo konde akaenda moja kwa moja kiwandani.

*

Bibi Utumishi, kama wafanyakazi walivyomwita mwanamke aliyeshika mafaili ya kiwanda, alimpa kiti na maji, kisha akalitoa faili la marehemu kabatini. Fomu ilikuwa imefifia, wino umegeuka rangi ya kahawia. Mwandiko ulikuwa wake kabisa, herufi zimelala upande kama zinasukumwa na upepo.

"Tazama tarehe," alisema Bibi Utumishi. "Wiki ya kwanza kazini. Ulikuwa umeshamjua?"

"Bado. Tulioana miaka miwili baadaye."

"Basi usimhukumu kwa mtu ambaye hakuwa amemwona."

"Kwa hilo simhukumu. Namhukumu kwa miaka ishirini na miwili iliyofuata."

Bibi Utumishi alivua miwani. "Shoga yangu, nitakwambia ukweli. Kila Januari nawakumbusha wote wabadilishe fomu. Yeye nilimfuata mpaka kwenye mashine. Ananiambia, 'Wiki ijayo, dada, leo nina kazi ya haraka.' Wiki ijayo hiyo imechukua miaka. Na si yeye tu. Wanaume wa kiwanda hiki ukiwaambia waandike wa kuwarithi, wanakuona kama umewachimbia kaburi."

Fundi alipitisha kidole juu ya saini. Kama angekuwa na hasira tupu ingekuwa nafuu. Alikuwa na hasira iliyochanganyika na hamu ya kumwona mtu huyu mvivu wa karatasi, ambaye kazi yake ilikuwa karatasi, akiingia mlangoni ili amgombeze vizuri.

*

Mama mkwe aliishi nao mwaka wa kumi na moja sasa, katika chumba cha uani. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane, dobi mstaafu wa hospitali, mwenye mikono mikubwa na sikio la kushoto lisilosikia, hasa maneno ambayo hakuyapenda. Fundi alimkuta ukumbini akichambua vifungo vilivyochanganyika kwenye kopo, vyeupe huku, vya buluu huku.

Kabla hajafungua mdomo, mlango uligongwa akaingia Tajiri.

Tajiri alikuwa mdogo wake marehemu. Jina hilo alipewa utotoni, kwa sababu kila alichokiona alitaja bei ambayo angekiuza, na lilimganda ingawa utajiri wenyewe ulimkwepa. Amefuga kuku wakafa, amefungua duka likafungwa. Leo alikuja na shali mpya ya sufi kwa ajili ya mama yake na tabasamu pana.

"Shemeji, pole na kazi. Mfuko wamenipigia simu. Namba ya mama kwenye faili lao ni yangu." Akakaa kiti cha marehemu bila kukifikiria. "Kwa hiyo habari unayo."

"Ninayo tangu asubuhi."

"Basi sina haja ya kuzunguka mbuyu. Kaka alijua anachofanya. Damu nzito kuliko maji. Kuna lori linauzwa, tani saba, injini bado inanguruma kama simba. Mama achukue hela zote kwa mkupuo, tununue lori, lifanye kazi, sote tule. Na wewe hatutakusahau."

Neno lile, hatutakusahau, lilimchoma Fundi kuliko sindano. Katika nyumba ambayo matofali yake aliyalipia kwa mguu wake juu ya kanyagio la cherehani, alikuwa akiahidiwa kukumbukwa.

"Mama mwenyewe anasemaje?" aliuliza.

Wote wawili walimtazama mama. Mama aliinua kifungo akakitazama kwenye mwanga. "Hiki kimevunjika," alisema, akakitupa.

"Mama hajachangamka," Tajiri alisema. "Nampeleka kwangu wiki hii akabadilishe hewa. Si vibaya, au?"

Mama aliondoka na shali mpya mabegani, kapu dogo mkononi. Hakusema kwa nini anakwenda, wala Fundi hakumwuliza mbele ya mwanawe. Binti, aliyekuwa ameyasikia yote kutoka jikoni, alitoka macho mekundu.

"Mama, wamemteka Bibi wewe umekaa tu! Weka pingamizi. Kesho."

"Kesho nitakwenda kwa wakili," alisema Fundi. "Chuo kinataka ada lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao. Wakikosa, nafasi wanampa mwingine."

*

Wakili alikuwa na ofisi juu ya duka la dawa, na feni iliyozunguka ikilalamika. Alisoma karatasi zote haraka, akagonga meza kwa kalamu.

"Kesi hii unashinda. Mke wa ndoa, miaka ishirini na miwili, mtoto anasoma. Tunaandika kiapo kwamba marehemu alisahau kubadilisha fomu, na kwamba huyu bibi hakuwa tegemezi wake wakati wa kifo. Hicho ndicho kifungu kinachomwondoa. Saini hapa, hapa na hapa."

"Hakuwa tegemezi?"

"Hakuwa akimtegemea. Hakuwa akila kwake."

"Lakini alikuwa anakula kwetu. Miaka kumi na moja. Dawa zake za presha tunanunua sisi, hata meno ya bandia tulimwekea sisi."

Wakili alitabasamu kama mtu mzima anayemwelewesha mtoto. "Mama, hayo ni maneno ya fomu tu. Kila mtu anaandika hivyo. Unataka hela au hutaki?"

"Nazitaka. Nazitaka sana." Fundi alizikusanya karatasi zake moja moja, akazipanga sawa kwa kuzigonga kwenye meza, jinsi mumewe alivyokuwa akifanya. "Lakini kwanza niape kwamba yule mzee hakula kwangu, halafu jioni nimpakulie chakula? Mkono huu huu?"

"Basi wenzako watachukua zote."

"Watachukua zilizo zao, sijui. Mimi najua nisichoweza kukisaini. Nidokeze jambo moja tu na hilo nitakulipa: ni lazima mnufaika achukue zote kwa mkupuo?"

Wakili aliegemea kiti, na kwa mara ya kwanza akamtazama kwa heshima kidogo. "Si lazima. Anaweza kuziacha kwenye mfuko alipwe kila mwezi, robo ya kwanza akaichukua mapema. Tena naye anaruhusiwa kuandika mtu wa kumrithi kwa zitakazobaki. Lakini wachache wanaambiwa. Mkupuo ndio wanaoujua wote."

Aliposhuka ngazi Fundi alijiuliza kama amefanya ujinga. Hata hivyo, kifua kilikuwa wazi. Alijijua. Alikuwa mtu wa kufumua mshono uliokwenda upande hata kama mteja asingeuona.

*

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Tajiri na mfuko wa nailoni. Mama alikuwa amekalishwa kwenye kochi katikati ya sebule, mto nyuma, mto kando, kama yai lililowekwa lisivunjike. Mke wa Tajiri alimkaribisha mgeni kwa shingo upande.

"Nimemletea Mama dawa zake za presha," alisema Fundi. "Mmezisahau. Siku tatu hajanywa."

Tajiri aligeuka akamtazama mkewe, mkewe akatazama dirishani.

Fundi alikaa chini, upande wa sikio la kulia. "Mama, sijaja kukuomba. Pesa zimeandikwa jina lako, ni zako, na pingamizi siweki. Nimekuja kukwambia zina milango miwili. Mmoja unazitoa zote siku moja. Mwingine unazitoa kila mwezi mpaka ziishe, na ukifa kabla hazijaisha, zinakwenda kwa utakayemwandika. Ni hayo tu. Usije ukasema hukuambiwa."

"Shemeji, usimchanganye mzee," Tajiri aliingilia. "Hayo mambo ya kila mwezi ni ya kumdondoshea mtu hela kama mtoto wa shule."

"Simchanganyi. Hata usingekuwapo ningeyasema haya haya."

Mama alimeza kidonge, akanywa maji, akafuta mdomo. "Nimesikia," alisema.

Njia nzima ya kurudi Fundi alilipima neno lile, asijue lina uzito gani.

*

Jumatatu ilikuwa zamu ya Tajiri kubisha hodi, safari hii mlangoni hasa, kofia mkononi. Mfuko ulikuwa umemwambia kwamba hailipwi hata senti mpaka mjane aje mwenyewe asaini kuwa hana pingamizi.

"Shemeji yangu mpenzi," alianza, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Tusije tukagombana watu wakatucheka."

"Lini?"

"Eh?"

"Nauliza lini nije nisaini."

Tajiri alikuwa amejiandaa kwa vita ya saa nzima. Alibaki na maneno mengi mdomoni yasiyo na kazi. "Alhamisi. Saa tatu."

Alipoondoka, binti aliirusha chini sare aliyokuwa akiipiga pasi. "Unawasainia? Na mimi nirudi nyumbani nikakae?"

"Okota hiyo sare, ni ya mtu." Fundi alisubiri mpaka ikaokotwa. "Hurudi kukaa. Wakiichukua nafasi yako wakampa mwingine, nitashona mpaka nikupeleke mwaka unaofuata. Sijawahi kushindwa kukuvisha wala kukulisha, nikashindwe hili? Lakini bibi yako hatumshtaki. Yuko hai, ana akili zake, aulizwe mwenyewe."

"Na akisema lori?"

"Akisema lori, litakuwa lori. Nitakasirika mpaka nichoke, kisha nitaendelea kushona."

*

Alhamisi waliitwa kwenye meza ya ofisa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mwalimu. Mama alikaa katikati, shali mabegani. Fundi alisaini kwanza, taratibu, jina kamili. Tajiri alishusha pumzi. Ofisa akasukuma fomu ya mkupuo mbele ya mama pamoja na kidau cha wino wa dole gumba.

"Weka hapa, bibi."

"Wino wa nini?" Mama alisukuma kidau kando. "Miaka thelathini nimeandika namba za mashuka ya hospitali, mashuka mia nne kwa siku, hakuna lililopotea. Nipe kalamu. Na kabla ya kalamu, nisomee milango miwili."

"Milango?"

"Wa siku moja na wa kila mwezi. Kaa upande huu, sikio ni hili."

Ofisa alizunguka meza, akamsomea yote miwili, neno kwa neno. Tajiri alijikohoza mara mbili. Mara ya tatu mama alimgeukia.

"Una kifua?"

"Mama, lori nimeshaweka arbuni. Tulikubaliana!"

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilinyamaza, na wewe hukuuliza nimenyamaza kwa nini. Umenikalisha kwenye kochi siku nane, hukuniambia kuna mlango wa pili. Aliyenyimwa jina kwenye karatasi ndiye aliyekuja kuniambia." Sauti yake haikupanda, lakini watu wa meza za jirani waligeuka. "Kaka yako, wakati anaandika fomu hii, alikuwa amemaliza mwaka hana kazi, anakula mshahara wangu wa udobi. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwandika. Baadaye alimpata, akasahau kuandika. Alikuwa mzembe, nilimzaa mimi namjua. Mimi siwezi kuwa mzembe, muda sina." Akamgeukia ofisa. "Kila mwezi. Robo ya mapema nipe, nina kazi nayo. Na wa kunirithi naandika sasa hivi, kabla sijavuka barabara."

Ofisa alivuta fomu nyingine. "Jina la mrithi?"

Mama alilitaja jina la Fundi, majina yote matatu, bila kusita.

"Uhusiano?"

"Mkwe."

Fundi alitazama sakafu. Machozi yalikuja yenyewe, hakuyaita, akayaacha yadondoke juu ya bahasha.

"Mama," Tajiri alisema kwa sauti ndogo, ile ya kabla hajapewa jina la Tajiri, "na arbuni yangu?"

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mwanawe aliyebaki, na uso wake ulionyesha kwamba analijua hilo. "Kairudishe karatasi kwa mwenye lori, akupe atakachokupa. Kitakachopungua ni ada yako ya shule. Jumapili njoo ule. Mikono mitupu, sitaki shali nyingine."

*

Si kwamba mambo yalinyooka kama rula. Tajiri alirudishiwa nusu tu ya arbuni, na Jumapili mbili hakuja, ya tatu akaja na mkewe, wakala bila kuongea sana. Pesa zilikuwa za mama, na mama hakumwachia mtu asahau. Fundi alitaka bati, mama akasema bati litangoja kiangazi. Fundi alitaja cherehani ya pili, mama akauliza bei ya kila duka mjini kabla ya kukubali. Walibishana mpaka majirani wakadhani wamegombana, kisha wakaonekana wamekaa pamoja wakichambua vifungo.

Jambo moja tu mama hakulibishia. Robo ilipoingia, siku tano kabla ya mwisho wa mwezi, alivaa gauni lake la kijivu, akamwambia Fundi na binti wamsindikize chuoni. Alikataa katakata kumpa mtu mwingine pesa azipeleke.

Ngazi za chuo zilikuwa nyingi. Mama alipanda akipumzika kila baada ya tano, mkono begani kwa mjukuu wake. Kwenye dirisha la malipo mhasibu alizipokea noti, akazipitisha kwenye mashine, akaanza kuandika stakabadhi. Akataja jina la mwanafunzi, binti akaitikia. Kisha akauliza, "Pesa zimepokelewa kutoka kwa nani? Niandike bibi?"

"Hapana," alisema mama.

Mhasibu akamtazama Fundi. "Niandike mama yake?"

Fundi alifungua mdomo, lakini mama alimtangulia. Alilitaja jina la marehemu, pole pole, herufi kwa herufi pale mhasibu alipotaka kulikosea.

"Ni nani huyo?"

"Baba yake."

Mhasibu alichungulia nyuma yao, kwenye foleni. "Yupo? Anatakiwa asaini hapa chini."

"Hayupo," alisema mama. "Lakini ndiye anayelipa. Mkewe atamsainia."

Akaichukua kalamu iliyofungwa kwa kamba kwenye dirisha, akampa Fundi.